Barua Isiyopitia kwa Mbwa

Mpemba, alasiri, kesho ndiyo safari

Tabita mwanangu,

Barua hii haipitii kwa mama yako, haipitii kwa mwalimu, wala haipitii kwa mbwa. Nakuandikia wewe. Nimeanza na jina lako, na nimelikazia kalamu mpaka karatasi imetoboka, utaona hapo juu. Usicheke.

Umekwenda Tunduma kumuaga mjomba wako. Mama yako yuko jikoni na dada yako Rebeka, aliyefika asubuhi kutoka Ndalambo na mtoto wake. Mimi nimekaa barazani kwenye cherehani, nimesogeza pembeni suruali ya mtu na kuweka karatasi. Wapita njia wananiuliza, "Fundi, leo unashona kwa kalamu?" Nawaambia ndiyo, piteni. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana nikikuona nitaanza kukohoa na kutafuta sindano.

Mambo ya blanketi na sabuni, na ukae upande gani wa lori, mama yako amekwambia mara nne. Mimi sirudii. Nataka kukwambia nilivyokulea vibaya, na nani walinifundisha kulea nikiwa tayari nina mvi. Na ujue tangu hapa mwanzo kwamba kesho unakwenda chuo cha ualimu. Baba yako mkubwa Yakobo na asimame barabarani, na ukoo mzima wa Simwinga usimame nyuma yake, lori utapanda. Nimesema.

Sasa nisikilize. Katika nyumba niliyozaliwa, msichana akishavunja ungo baba yake hasemi naye tena uso kwa uso. Akitaka kumtuma anamwambia mama, na mama anamwambia msichana. Babu yako alifanya hivyo kwa shangazi zako, nao walimwogopa mpaka walijificha wakisikia kikohozi chake, na watu wakasema wale mabinti wamelelewa. Mimi nikaichukua heshima hiyo nzima nzima, sikuuliza inasaidia nini. Nilikwenda Rodeshia nikachimba shaba miaka sita, nikajifunza kusoma na kuandika kule kambini, nikarudi na cherehani kichwani, na heshima ile ilikuwa bado ninayo.

Taabu ilikuwa pale mama yenu alipokwenda shamba. Nani sasa apitishe neno? Ndipo tukamtumia Kapitao, mbwa wetu. Jina lile nilimpa mimi, kwa kuwa kule mgodini kapitao ndiye aliyepokea amri kwa Mzungu akatuletea sisi. Nikiwa na kiu nasema, "Kapitao, mwambie huyo alete maji." Mbwa anatikisa mkia, nawe unaleta maji. Unakumbuka siku ile uliyopiga goti, macho chini, ukasema, "Kapitao, mwambie baba maji yapo, ila kikombe amekikalia"? Nilikunja uso. Tumboni nilicheka mpaka nikaumwa. Wewe hukujua, na ungejuaje wakati nilikuwa na uso wa kutunza?

Hata nguo zako zilipata shida. Mimi fundi, watu wanavuka mpaka kuja kushonewa na mimi, wananiita mukwai kwa heshima zote, nawapima kwa futi bega kwa bega. Lakini sare yako ya shule nilishona kwa kamba. Mama yako alikupima kwa kamba ya gome la mti, akapiga fundo la bega, fundo la kiuno na fundo la urefu, akaniletea. Kamba ya gome ikikauka inajikunja. Kila mwaka gauni likakubana, kila mwaka nikamlaumu mama yako kwamba hajui kupima. Wewe ukavaa hivyo hivyo, ukaenda nalo shule ya wasichana kule misheni mikono imekukaa kama ya kuazima.

Haya ni madogo. La Rebeka si dogo.

Mwaka ule wewe ulikuwa bado unacheza vumbini. Ilikuja posa kutoka Ndalambo, na Yakobo, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu na ndiye msemaji, aliipokea. Rebeka alikuwa na miaka kumi na sita. Akaja hapa barazani, hapa hapa nilipokaa. Hakupiga goti. Alisimama mbele ya cherehani akasema, "Baba, naomba unisikilize wewe mwenyewe. Mimi sitaki." Nikazungusha gurudumu. Akasema tena, nikazungusha kwa nguvu zaidi, cherehani ikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Kisha nikamwambia Kapitao, wakati huo mtoto wa mbwa hata kubweka hajui vizuri, "Mwambie aende kwa mama yake." Rebeka alisimama mpaka nikamaliza mkono mzima wa shati. Halafu akaenda. Yakobo akatoa neno kwa niaba yangu, binti akaolewa, nami nikawaambia watu cherehani ilikuwa inapiga kelele, sikusikia vizuri alichotaka.

Nilikaa na uongo huo miaka, Tabita, na nilikula na kulala vizuri tu.

Tuje kwenye mchezo wenu. Shule ilituita wazazi siku ya kufunga mwaka. Nilivaa koti, nikakaa benchi la mbele. Mwalimu Yunisi, yule mfupi wa Ileje, akasema wasichana wa darasa la saba wametunga mchezo kuhusu malezi. Nikamwambia mzee wa Mlowo aliyekaa kando yangu, "Haya, watoto watufundishe kulea!" Tukacheka. Akatoka msichana amepaka masharubu ya mkaa, akakaa kwenye kasha, akawa anazungusha mkono. Akatoka mwingine anatambaa, ana mkia wa katani. Baba akaanza kuongea na mbwa. Watu walicheka jamani, na mimi nilicheka kuliko wote. Yule mzee alinipiga bega akauliza, "Kuna watu wa hivi kweli?" Nikajibu, "Wapo, huko porini."

Ndipo yule msichana wa masharubu akakohoa. Kikohozi changu! Mara mbili fupi, moja ndefu. Na shingoni alikuwa amening'iniza futi. Nikatazama pembeni ya ukumbi nikakuona umesimama na daftari, unawanong'oneza wenzako maneno wanaposahau. Nikajua nani ametunga.

Mwisho wake naujua kwa moyo. Binti anasimama na kifurushi, anasema, "Kapitao, mwambie baba kwamba naondoka, sirudi." Mbwa anabweka, anabweka, anavuta suruali ya baba. Baba anasema, "Nyamaza, nashona." Basi. Hapo hakucheka mtu.

Niliona umenivua nguo mbele ya watu. Niliinuka nikamwendea mwalimu wako, nikamwambia, "Mwambie achukue sanduku lake." Unakumbuka alivyojibu? "Huyo hapo, Baba Rebeka. Mwambie mwenyewe." Kumbe hata nikiwa na hasira hivyo bado natafuta wa kupitishia! Sikukwambia. Nilibeba sanduku mwenyewe nikalifunga kwenye baiskeli, nawe ukafuata sanduku lako kwa miguu. Muhula mzima ukakaa nyumbani ukitwanga. Yakobo akaja kunipa mkono. "Sasa umekuwa mwanaume, mdogo wangu," akasema, na haikupita muda akaanza kutaja taja mtu mwingine wa Ndalambo mwenye ng'ombe.

Hujawahi kuniuliza kwa nini nilikurudisha shule. Ulidhani mama yako alilia. Mama yako alilia kweli, lakini mimi machozi ya mama yako nilikuwa nimeyazoea, Mungu anisamehe.

Nilikwenda Ndalambo kumwona Rebeka, siku mbili za baiskeli. Mchezo wenu ulikuwa umenikaa kooni, nikasema nitawaonyesha hawa watoto kwamba baba anaweza kusema na binti yake akitaka. Nilimkuta anapepeta ulezi, mtoto wake wa miaka mitatu yuko mkekani. Nikasimama mbele yake, nikamtazama usoni, nikasema, "Rebeka mwanangu, hujambo?"

Alipiga goti. Akamgeukia mtoto. Akasema, "Mwambie babu hatujambo."

Mtoto akasema, "Babu, hatujambo."

Nikauliza habari za shamba. "Mwambie babu shamba ni zuri." Nikauliza kama mumewe anamtunza. "Mwambie babu maji ya kunawa yako tayari." Hakuwa na hasira hata kidogo, Tabita. Angenitukana ningepona. Alinipa heshima yote niliyomfundisha, hakupunguza hata chembe, na aliniandalia ugali na maharage nikala kama nakula udongo. Niliondoka alfajiri bila kusikia sauti ya mwanangu ikinijibu mimi.

Ndiyo sababu. Nilipofika tu nilikwambia ufunge sanduku, yaani nilimwambia mama yako akwambie. Ulidhani nilikuwa mkali njia nzima ile ya kwenda misheni. Nilikuwa naogopa. Nilitaka kuanza kusema nawe pale Mpemba, nikasema nitaanza tukivuka mto, tukavuka, nikasema nitaanza Mlowo. Badala yake mlimani nikasema, "Baiskeli, mwambie ashuke, hapa parefu." Jamani! Nimemwacha mbwa nimeanza na baiskeli. Ulishuka, na nilisikia nyuma yangu unazuia kicheko.

Mwalimu Yunisi akatukuta getini. Akasema, "Simpokei mpaka umwambie kwa mdomo wako kwa nini umemrudisha." Nikawaka. "Mwalimu, wewe ni mtoto kwangu, hujazaa hata mmoja, unanifundisha kulea?" Akasema, "Sijazaa, baba. Lakini nakaa na wasichana wa watu mabweni mawili. Kila mmoja anajua baba yake anapenda mboga gani na anachukia nini. Nikiwauliza, baba yako anakuonaje wewe, wanatazama chini." Nikakugeukia, miaka minne sijakutazama, nikaona umekuwa mrefu kuliko mama yako, na mikono ya gauni imepanda hadi karibu na kiwiko. Nikasema, "Soma."

Neno moja! Mwalimu akasema, "Kwa leo limetosha." Akakupokea, na mimi akanipa kazi ya nyumbani kama mtoto wa darasa la kwanza: kila mwezi barua moja kwa jina lako. Zamani nilikuwa namwandikia yeye, "Mwalimu, mwambie Tabita hivi na hivi." Akasema akiona nyingine ya namna hiyo atairudisha, yeye si tarishi. Mwalimu yule simpendi sana hata leo, ana kiburi. Lakini kiburi chake kilikuwa cha kweli na changu kilikuwa cha kurithi.

Barua zangu umezitunza, nimeziona kwenye sanduku. Ya kwanza, "Tabita, mvua imenyesha. Mimi baba yako." Ilinichukua siku tatu. Ukanijibu kurasa mbili, na mwisho ukauliza, "Baba, ulipokuwa mgodini ulikuwa unaogopa nini?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo, si mama yako wala ndugu zangu. Nilizunguka nalo mwezi mzima. Nikakujibu, "Giza." Mwezi uliofuata nikaongeza, "Na kufukiwa, nife bila kuwaona." Ulinipiga maswali mtoto wewe, mpaka nikajikuta nina mambo ya kusema.

Na wiki iliyopita nilikuwa nashona gauni lako la chuo. Mama yako alileta kamba yake yenye mafundo. Nikaiweka chini. Nikakuita, ukaja, ukapiga goti, ukamtazama Kapitao ukingoja. Nikasema, "Tabita, magauni ninayokushonea yanakubana wapi?" Ukaacha kumtazama mbwa. Halafu ukasema, "Mabegani, baba." Nikauliza tangu lini. Ukasema, "Tangu darasa la tano." Nikainama kutafuta kitu chini ya cherehani. Hakukuwa na kitu chini ya cherehani.

Jumapili Yakobo alikuja na wazee wawili, wewe ulikuwa kisimani. Akasema, "Nasikia siku hizi binti ndiye anamfundisha baba yake kulea. Dunia imepinduka." Nikamwambia, "Imepinduka, kaka, na mimi nimekaa vizuri tu." Akasema yule mtu wa Ndalambo ameshapewa neno. Nikamuuliza kapewa na nani. "Na sisi, kwa niaba yako." Nikamwambia, "Rudini mkamwambie kwamba mwenye mtoto amepata mdomo." Wazee wakaguna. Yakobo akasimama, akasema siku ya safari watakuwa pale lori linaposimama, hakuna binti wa Simwinga atakayepanda bila neno la ukoo, na nikimpandisha nisimwite tena kaka. Inaniuma. Alinibeba mgongoni nikiwa mdogo, tulikula sahani moja. Lakini nilishampa binti mmoja kwa kunyamaza, na wa pili simpi. Atasikia neno kesho, na litatoka kinywani mwangu.

Wewe unakwenda kuwa mwalimu. Sina la kukufundisha kuhusu ubao na chaki. Ninalo hili: usikubali kuwa tarishi wa mzazi yeyote. Akija baba na kusema mwambie, mwambie, mrudishie neno lake mkononi. Na ukimwona mwanaume getini ameleta binti yake na anaongea na baiskeli, mcheke kidogo, halafu mngoje. Hajui aanzie wapi. Mpe nafasi aseme hata neno moja baya lisilo na kichwa wala miguu. Mimi nilianza na "Soma" na leo naandika ukurasa wa tano.

Na usinisamehe haraka ili kunifurahisha. Ukiwa na hasira niandikie hasira, kwa jina langu, mimi nitasoma yote. Nimekataa kuwa baba anayeogopwa. Watu wa Mpemba waseme fundi ametawaliwa na wanawake, waseme mpaka midomo ichoke, suruali zao bado nitazishona mimi.

Jua limeshuka kwenye ukingo wa baraza, utarudi sasa hivi. Nimebakiza jambo moja, na siwezi kulifanya kwa kalamu. Kapitao nimemfunga kwenye nguzo. Mtoto wa Rebeka amelala mgongoni kwa mama yako, naye mama yako nimemwita aje nje aangalie nguo kwenye kamba. Kwa hiyo jikoni amebaki Rebeka peke yake, hakuna wa kupitishia. Naingia.

Nimerudi. Vumilia mwandiko.

Nilimkuta anachambua maharage. Nikakaa chini, sakafuni, mbele yake. Nikasema, "Rebeka, siku ile uliyosimama pale barazani, nilisikia. Cherehani haikuziba kitu. Nilisikia mara zote mbili." Hakuinua macho. Alichambua, alichambua, nikamhesabia pumzi. Niliutazama mlango, ningeweza kutoka, nikakaa.

Akasema, "Nilijua ulisikia." Akasema kwangu, Tabita. Kwangu mimi. Halafu akalia, na mimi nikalia, mtu mzima na mvi zangu, maganda ya maharage yamejaa mapajani.

Sikumwomba anisamehe na hakusema amenisamehe. Alipofuta uso alisema, "Kesho usiseme chini chini, baba. Baba mkubwa ana sauti. Wewe mwite Tabita kwa jina, wasikie wote. Mimi nitasimama upande wako."

Basi kesho sikiliza vizuri. Utasikia mtu anakohoa, mara mbili fupi, moja ndefu. Halafu utasikia jina lako, na litatoka juu kuliko injini ya lori. Ukilisikia, usimtazame mbwa.

Baba yako